Barua ya wazi kwa Serikali ya Uingereza: fedha za kuzuia vita zisiwe za kwanza kukatwa

Kwa Mheshimiwa Waziri Mkuu, Waziri wa Fedha na Waziri wa Mambo ya Nje wa Uingereza.

Waheshimiwa,

Nawaandikia kutoka Birmingham, ambako nafanya kazi ya ukalimani wa Kiswahili. Nililelewa Kaptembwo, mtaa mmoja wa Nakuru, Kenya. Hapa nalipa kodi na hapa napiga kura. Nakala ya Kiingereza ya barua hii nimeshaipeleka kwa mbunge wangu. Hii ya Kiswahili naiweka hadharani kwa sababu wengi ambao uamuzi wenu utawafikia, kuanzia Nakuru hadi Goma, husoma Kiswahili, na ni haki yao kujua wanasemewa nini.

Tarehe 25 Februari 2025 Waziri Mkuu alisimama Bungeni akatangaza kwamba misaada ya nje itashuka kutoka asilimia 0.5 ya pato la taifa hadi asilimia 0.3 ifikapo 2027, ili bajeti ya ulinzi ipande hadi asilimia 2.5. Siku tatu baadaye waziri wa maendeleo, Anneliese Dodds, alijiuzulu. Sikuja kubishana nanyi kuhusu jeshi. Urusi imeivamia Ukraine, nami ninayeishi hapa naielewa hofu ya majirani zangu. Ombi langu ni dogo kuliko hilo na linawezekana: ndani ya mfuko huo uliopungua, kazi ya kuzuia vita kabla havijaanza isiwe ya kwanza kutupwa.

Nahofia itakuwa ya kwanza kwa sababu haina mtu wa kuipigania. Chanjo ina hesabu ya watoto waliochanjwa. Mahindi ya msaada yana magunia na malori yanayoweza kupigwa picha. Afisa anayetetea fedha za kamati ya amani mbele ya watu wa hazina atawaonyesha nini? Karatasi ya mahudhurio ya kikao cha wazee ishirini na bili ya chai. Kwa hiyo niruhusuni niwaeleze kilichokuwa nyuma ya karatasi ya namna hiyo, kwa kuwa nilikuwapo.

Nianze na mwaka ambao hakukuwa na karatasi yoyote. Mwisho wa Januari 2008 mapigano ya baada ya uchaguzi yaliingia Nakuru. Kwa wiki kadhaa tulikuwa tukisikia habari za Eldoret na Kisumu kwenye redio, tukijipa moyo kwamba kwetu hayatafika. Yalipofika, yalifika kwa siku moja. Mama alikuwa na kibanda cha omena na nyanya kando ya barabara. Jirani aliyekuwa akimkopesha sukari ndiye aliyekuja usiku kutuambia tuondoke, kwa sababu alikuwa amesikia majina ya nyumba zilizopangwa, na yetu ilikuwamo. Tulilala kwenye uwanja wa maonyesho ya kilimo, pamoja na maelfu ya wengine, tukiwa na godoro moja na sufuria mbili. Jirani yule naye alikimbia siku mbili baadaye, kuelekea upande mwingine, kwa sababu upande wetu nao ulikuwa umepanga nyumba zake.

Tume ya Jaji Waki, iliyochunguza ghasia zile, ilihesabu watu 1,133 waliouawa nchi nzima. Mamia ya maelfu walihama makwao. Reli ya kwenda Uganda iling'olewa Kibera, na mafuta yakaadimika Kampala na Kigali, watu ambao hawakupiga kura yoyote Kenya wakalipa. Uchumi uliokuwa ukikua kwa kama asilimia 7 mwaka 2007 ulianguka chini ya asilimia 2 mwaka uliofuata. Kofi Annan, aliyekuwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, alifika Nairobi tarehe 22 Januari kupatanisha, akaungana na Graça Machel na Mzee Benjamin Mkapa, na tarehe 28 Februari Rais Kibaki na mpinzani wake Raila wakatia sahihi makubaliano ya kugawana madaraka. Dunia nzima iliisifu kazi ile, na ilistahili. Lakini naomba mzingatie tarehe. Annan alifika tukiwa tayari tunazika, na Nakuru iliwaka akiwa tayari yuko Nairobi.

Sasa mwaka 2010. Tarehe 4 Agosti tulipiga kura ya maoni juu ya katiba mpya, na Bonde la Ufa lilikuwa limegawanyika vibaya. Wengi tuliamini 2008 inarudi. Safari hii kulikuwa na mpango ulioitwa Uwiano, ulioendeshwa na tume ya utangamano ya taifa, kamati ya serikali ya kusimamia amani, mtandao wa mashirika ya amani na UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, fedha zikitoka kwa serikali na kwa wafadhili. Ulikuwa na namba ya ujumbe mfupi wa bure, 108. Ukiona au kusikia jambo, unaandika. Mimi nilijitolea kuwa mfuatiliaji wa amani mtaani kwetu. Sikulipwa mshahara. Nilipewa kadi za simu na nauli ya matatu.

Wiki moja kabla ya kura, vikaratasi vilitupwa usiku milangoni Kaptembwo vikiwataka watu wa kabila fulani wahame kabla ya Jumatano. Mwaka 2008 vikaratasi kama vile ndivyo vilivyotangulia moto. Saa kumi na mbili asubuhi nilituma ujumbe kwa 108. Kabla ya saa tatu nilipigiwa simu nieleze ni mlango gani, vikaratasi vingapi, vimeandikwa kwa lugha gani. Saa tano chifu alikuwa ameketi na wazee wa pande zote mbili, mchungaji, imamu na wenye ploti wawili, maana wenye ploti wana cha kupoteza nyumba zikiungua, na husikilizwa na wapangaji wao. Vijana wa bodaboda walijua nani aliyevitupa. Alikuwa kijana wa miaka kumi na minane, amelipwa shilingi 200, na vikaratasi vilichapishwa kwenye saiba, duka la intaneti, moja mjini. Alikuja kikaoni na baba yake. Alilia. Usiku ule, na usiku uliofuata hadi siku ya kura, vijana wa makabila yote mawili walizunguka mtaa pamoja na tochi.

Tarehe 5 Agosti mama alifungua kibanda. Aliuza omena.

Hakuna mwandishi wa habari aliyekuja Kaptembwo siku ile. Afisa wa fedha huku London akiuliza pauni za kazi ile zilinunua nini, jibu langu ni asubuhi ile. Gharama ya kikao, nauli, chai na kadi za simu za wiki nzima haifiki hata bei ya hema moja la wakimbizi. Mimi nimelala katika hema hizo, ninaijua tofauti.

Ninyi mnaweza kusema kwamba hiyo ni kazi ya Wakenya wenyewe. Ni kweli, na ilianzishwa na Wakenya, wanawake, kabla mfadhili yeyote hajafikiria kuilipia. Miaka ya mwanzo ya tisini Wajir, kaskazini mashariki mwa Kenya, ilikuwa imechoka kwa mapigano ya koo. Mwanamke mmoja aitwaye Dekha Ibrahim Abdi alikuwa amejificha usiku na mtoto wake chini ya kitanda, risasi zikilia nje. Mama yake akamwambia kwamba miaka mingi nyuma, yeye Dekha akiwa mchanga, alimficha vivyo hivyo chini ya kitanda. Hapo ndipo alipoona kwamba akikaa kimya, mwanawe naye atakuja kumficha mjukuu. Yeye na wenzake wachache walianzia sokoni, kwa kuwa soko ndilo lililokuwa limegawanyika kwa koo. Walikubaliana kwamba mwanamke wa ukoo wowote auze na anunue bila kuguswa, wakaweka watu wa kuangalia, na kamati ya kusikiliza malalamiko kila siku. Kutoka sokoni wakawaendea wazee, wakiwaomba wazee wa koo ndogo zisizokuwa vitani wawe wapatanishi. Mwaka 1993 wazee walitangaza makubaliano yaliyoitwa Al-Fatah. Vijana wakavutwa, kisha maafisa wa usalama na watu wa dini, mpaka kukawa na kikosi cha kukimbilia mahali mara tu mnyama akiibwa au mtu akiuawa, kabla ya kisasi. Kutokana na mfano huo Kenya ilipata kamati za amani za wilaya, na baada ya 2008 zikaenezwa nchi nzima. Mzee mmoja wa kamati yetu Nakuru hakuwahi kufika Wajir maishani mwake, lakini kila kitu alichokifanya asubuhi ile ya vikaratasi kilitoka huko.

Dekha alikuja kufundisha hapa hapa Birmingham, kwenye shirika dogo la mafunzo ya kutuliza migogoro. Mwaka 2007 alipewa tuzo ya Right Livelihood. Siku zile za ghasia za 2008, nchi ilipokuwa ikiwaka, yeye, balozi Bethuel Kiplagat, majenerali wastaafu Daniel Opande na Lazaro Sumbeiywo, na George Wachira, waliwaita Wakenya kila asubuhi Nairobi kupanga nani aende wapi na amwambie nani nini. Alifariki Julai 2011 baada ya ajali ya barabarani. Ninapopita mtaa wa Selly Oak, lilipokuwa shirika lile, humkumbuka, ingawa sikuwahi kukutana naye. Nchi yenu ilikuwa na sehemu yake katika maisha hayo, kwa fedha kidogo sana, na ningependa mjue hivyo kabla hamjaifunga milango ya namna hiyo.

Nimewasifia. Sasa niseme na yanayouma, kwa sababu siombi mtoe fedha za kupotea bure.

Mwaka 2001 serikali yenu iliunda vikapu viwili vya fedha, kimoja cha Afrika na kimoja cha dunia nzima, na vyote viwili vilikuwa na neno kuzuia katika jina lake. Baadaye vikaunganishwa, kisha neno kuzuia likaondoka, ukabaki mfuko wa migogoro tu. Aprili 2015 ukaja Mfuko wa Migogoro, Uthabiti na Usalama, wenye zaidi ya pauni bilioni moja kwa mwaka. Aprili 2024 ukageuzwa kuwa Mfuko Jumuishi wa Usalama. Hata neno migogoro halimo tena. Watu wa kawaida hatusomi nyaraka za Whitehall, kwenye ofisi za serikali, lakini jina tunaweza kulisoma, na jina linaonyesha mkono unaelekea wapi. Kapu hilohilo hulipia mafunzo ya majeshi na polisi, michango ya kulinda amani, na mabaraza ya wazee. Kapu likipungua, mwanajeshi ana wizara ya kumtetea. Mzee wa baraza hana.

Wakaguzi huru wa misaada yenu waliuchunguza mfuko ule wa 2015 mwaka 2018 wakaupa alama ya pili kutoka chini kati ya alama nne, hasa kwa sababu ulishindwa kuonyesha matokeo. Sishangai. Mimi nimeyaona makosa yale kutoka upande wa chini. Mradi mmoja uliokuja mtaani kwetu baada ya 2010 ulikuwa wa miezi kumi na moja. Miezi mitatu ya kwanza ilikwenda kwenye fomu. Ukazinduliwa kwenye hoteli, tukapewa fulana zilizoandikwa Amani na chakula cha mchana kilichogharimu kuliko nauli zetu za mwezi. Washauri walitoka Nairobi na nje, wakatuuliza maswali ambayo majibu yake tayari yalikuwa kwenye daftari la chifu. Kadi za simu za wafuatiliaji zilichelewa wiki sita. Mradi ukafungwa miezi michache kabla ya uchaguzi, maana mwaka wa fedha wa mfadhili huisha Machi, na wanasiasa wa Kenya hawafuati kalenda hiyo. Wazee waliachwa na madaftari matupu. Mmoja aliniambia, bila hasira, "Mwanangu, hawa watu huja msibani mapema, halafu hawamsubiri maiti." Sijasahau.

Kwa hiyo ninapoomba fedha hizi zilindwe, siombi semina zaidi. Baada ya mashambulio ya kigaidi ya Westgate, Nairobi, mwaka 2013, na Garissa mwaka 2015 ambako watu 148 waliuawa chuoni, fedha nyingi zilimiminika Pwani na Kaskazini Mashariki kwa jina la kupambana na itikadi kali. Kazi nyingine ilikuwa nzuri, hasa ile ya akina mama waliowarudisha watoto wao nyumbani. Lakini kijana wa Mombasa akiona bendera ya nchi hiyohiyo kwenye kikao cha amani asubuhi, kisha akasikia kwamba nchi hiyo ndiyo inayofadhili mafunzo ya askari waliomchukua rafiki yake jioni, atakuja kikao cha pili kuwaambia nini? Tenganisheni vikapu. Hilo halihitaji hata pauni moja zaidi.

Na kuna jambo jingine ambalo watu wa miradi hawapendi kulisema. Mwaka 2013 uchaguzi wa Kenya ulipita bila damu nyingi, na wengi walijipongeza. Sisi tuliokuwa mtaani tulijua kwamba sehemu ya utulivu ule ilikuwa woga. Mtu akihoji matokeo aliambiwa anachochea. Neno amani lilitumiwa kufunga midomo. Kesi za ghasia za 2008 kwenye mahakama ya kimataifa ya Hague zilikufa moja baada ya nyingine, ya mwisho kubwa mwaka 2016, na waliopoteza watu wao hawakumwona mtu yeyote mkubwa akihukumiwa. Kamati ya amani inaweza kumzuia kijana aliyelipwa shilingi 200. Aliyemlipa hana wasiwasi na kamati. Fedha za kuzuia vita zisipokwenda pia kwa wapelelezi, kwa mahakama, kwa wanaohesabu maiti na kuandika majina, tutakuwa tunawatuliza maskini huku waliowanunua wakijipanga upya.

Nirudi hapa Birmingham. Kazi yangu ina kiapo cha siri, kwa hiyo sitataja mtu wala kesi. Nitasema tu kile ambacho mkalimani yeyote wa Kiswahili katika nchi hii angewaambieni. Kazi imeongezeka. Wengi ninaowatafsiria ni Wakongo wa Kivu Kaskazini na Kivu Kusini. Goma iliangukia mikononi mwa waasi wa M23 mwisho wa Januari 2025. Kiswahili chao kina maneno ambayo sikuyazoea Nakuru, lakini neno moja tunalisema sawasawa: kukimbia. Hakuna hata mmoja niliyemsikia akisema alipenda kuja kukaa katika chumba cha hoteli karibu na barabara kuu, watoto wakicheza kwenye ngazi ya dharura.

Hoteli zile mmezilipia kwa fedha za misaada. Kanuni za nchi wafadhili huruhusu gharama za mwaka wa kwanza wa mwomba hifadhi kuhesabiwa kama msaada wa nje. Mwaka 2023 Uingereza ilitumia pauni bilioni 4.3 kwa namna hiyo, kati ya pauni bilioni 15.3 za misaada yote, zaidi ya robo. Mfuko wenu wote wa migogoro, pamoja na majeshi na polisi waliomo, ulitengewa pauni milioni 874 katika mwaka wa fedha wa 2021/22. Miaka ni tofauti na sitaki kuwapunja hesabu, lakini tazameni ukubwa. Gharama za kuwapokea wakimbizi na waomba hifadhi zimekula karibu mara tano ya mfuko uliopaswa kuzuia vita visitokee. Mwaka 2018 Umoja wa Mataifa na Benki ya Dunia walikadiria kwamba kuzuia migogoro mapema kungeiokolea dunia kati ya dola bilioni 5 na bilioni 70 kila mwaka. Pengo kati ya namba hizo ni kubwa, nanyi mna haki ya kulitilia shaka. Chukueni ile ndogo kabisa. Bado ni faida.

Msidhani wenye shida ni Kenya na Kongo peke yake. Katika Baraza la Usalama, ni nchi yenu inayoshika kalamu, yaani inayoandika rasimu za maazimio, kuhusu Sudan. Vita vilianza Khartoum tarehe 15 Aprili 2023. Wakaguzi wenu huru wameeleza kwamba maafisa waliwekewa njia nne za kuwalinda raia dhidi ya mauaji ya halaiki, nao wakachagua ile yenye malengo madogo kuliko zote, kwa sababu watu na nguvu za kufanya zaidi hazikuwapo. El Fasher, mji wa Darfur, ilizingirwa na wapiganaji wa RSF kwa zaidi ya siku 500. Haikuanguka ghafla. Kila mtu alijua. Tarehe 26 Oktoba 2025 ilitekwa, na yaliyofuata mmeyaona kwenye simu zenu kama tulivyoyaona sisi. Sisemi kwamba maafisa wachache zaidi London wangeiokoa El Fasher. Nasema kwamba nchi ikishapunguza watu wanaojua lugha, majina na njia za mahali, siku ya hatari inapofika haina tena wa kumtuma. Mtu wa namna hiyo huchukua miaka kumi kumpata, na barua ya kumwachisha kazi huandikwa kwa dakika tano.

Mtaniuliza, basi tufanye nini? Nimewaza sana kabla ya kuandika sehemu hii, kwa sababu barua za wazi nyingi huishia kwenye kilio.

Kwanza, ndani ya Mfuko Jumuishi wa Usalama wekeni fungu la kuzuia migogoro lenye namba yake, lichapishwe kila mwaka kwa nchi na kwa kazi, ili likipunguzwa tuone. Leo mtu kama mimi hawezi kujua ni kiasi gani cha kodi yake kinafika kwa kamati ya amani na kiasi gani kinaishia kwenye magari. Fungu hilo liwe la miaka mitano au zaidi, lifunike uchaguzi mzima: mwaka kabla na mwaka baada. Hapa ndipo ningesimama muda mrefu zaidi kama tungekuwa tumekaa meza moja. Ghasia za uchaguzi Kenya hazianzi siku ya kura. Huanza kwenye mchujo wa vyama, kwenye uandikishaji wapiga kura, kwenye bei ya ardhi, kwenye redio za lugha za makabila. Mtu anayefika Juni kwa ajili ya Agosti amechelewa, hata akija na fedha nyingi. Na mtu anayeondoka Septemba anaacha kesi za rufaa, visasi na vijana wasio na kazi waliozoea kulipwa kwa siku.

Fedha zishuke chini zikiwa ndogo. Kamati ya mtaa haiwezi kujaza fomu za kurasa arobaini kwa Kiingereza, na isiyoweza kuzijaza mara nyingi ndiyo inayosikilizwa. Pokeeni ripoti kwa sauti, kwa Kiswahili, kwa Kisomali, kwa Kiborana. Nitajitolea kuwatafsiria, na sisemi hivyo kwa mapambo.

Msikatishe ghafla. Tuliona mwaka 2025 jinsi Marekani ilivyolifunga shirika lake la misaada, USAID, katika miezi michache, ofisi zikafungwa watu wakiwa katikati ya kikao. Kama lazima mwondoke mahali, semeni miezi kumi na minane kabla, na mkabidhi kazi kwa kaunti na kwa Hazina ya Kenya kwa makubaliano yaliyoandikwa. Na hapa naigeukia serikali yangu ya nyumbani kwa sentensi moja: waheshimiwa wa Nairobi, ni aibu kwamba miaka kumi na minane na zaidi baada ya 2008 mzee wa kamati ya amani bado anategemea nauli kutoka kwa mgeni, ilhali fedha za helikopta za kampeni hazijawahi kukosekana.

Wazee hao pia hawatoshi tena. Vijana waliojaa barabarani Juni 2024 kupinga mswada wa fedha hawakuitwa na kabila lao, na hasira yao haikuwa juu ya jirani. Walikuwa wakiitazama serikali na polisi. Makumi waliuawa, wengine walitekwa nyumbani kwao. Chifu aliyenisaidia mwaka 2010 hawezi kuwa mpatanishi kati ya kijana yule na dola, kwa sababu chifu ndiye dola. Mkitaka kuzuia yajayo, tafuteni wanaoaminiwa na vijana hao sasa: wanasheria wanaokesha vituoni bila malipo, madaktari waliofungua zahanati za dharura makanisani, wanaoandika orodha za waliopotea. Hao hawajawahi kualikwa kwenye semina ya amani.

Uchaguzi mkuu ujao wa Kenya ni tarehe 10 Agosti 2027. Mmepanga kufika kwenye asilimia 0.3 mwaka huohuo, 2027. Sidhani kuna mtu aliyeketi akaziweka tarehe hizo mbili pamoja. Naomba mziweke pamoja, na mnijibu kwa maandishi swali moja: kati ya sasa na siku hiyo ya Agosti, ni kiasi gani kimetengwa kwa kazi ya kuzuia ghasia Kenya, nani anakishika, na kitaisha mwezi gani?

Mama yangu bado anauza omena Kaptembwo. Kibanda ni cha mabati sasa. Nimemsomea barua hii kwa simu kabla ya kuituma, naye akaniambia nisisahau kuwaandikia kwamba jirani aliyetuamsha usiku ule wa 2008 alirudi, na kwamba bado wanakopeshana sukari.

Wenu kwa heshima,

Mkalimani, mzaliwa wa Nakuru
Birmingham